Chepkong ya Babu

Mwacha mila ni mtumwa. Methali hii nimeiandika katika insha mara nyingi na kupata alama, lakini maana yake sikuijua.

Jioni moja mwaka jana nilitoka shule nikamkuta babu ameketi nje, chepkong mapajani, yaani kinubi chetu sisi Wakipsigis. "Njoo nikuonyeshe kukaza nyuzi," akaniambia. Nami kwa ujeuri wa ujana nikamjibu, "Babu, hiyo ni ya wazee. Nina hesabu za kufanya." Hakusema neno. Aliitundika ukutani, ikakaa huko miezi.

Muhula uliofuata, mwalimu wa muziki alitusimulia habari za jamaa ya Carter, watu wa milima ya Appalachia, jimbo la Virginia, Marekani. Mnamo Agosti 1927 A.P. Carter, mkewe Sara na shemeji yao Maybelle walisafiri hadi mji wa Bristol kurekodi nyimbo. Maybelle alikuwa na miaka 18, tena mjamzito! Gitaa alilipiga kwa namna yake: kidole gumba kikiimba sauti kwenye nyuzi nene, vidole vingine vikijibu. Baadaye bendi za bluegrass zilizirithi nyimbo zao nyingi.

A.P. alifariki mwaka 1960. Binti yake Janette alikuwa amemwahidi kwamba ataendeleza muziki wao. Mwaka 1974 akaanza kuandaa maonyesho ya Jumamosi katika duka kuukuu la baba yake, bila ala za umeme. Janette naye alipofariki mwaka 2006, binti yake Rita akaishika kazi.

Kumbe hadithi inafika hadi kwetu! Wiki ile ile, mjini Bristol, alirekodi pia Jimmie Rodgers. Santuri zake zilifika Kenya, na Wakipsigis wakamwita Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey alikuja kurekodi nyimbo za watu wetu zilizomtaja, zikipigwa kwa chepkong. Niliposikia hayo nilitamani ardhi inimeze. Wageni walisafiri kutoka mbali kutafuta kile nilichokataa mlangoni petu!

Nilifika nyumbani nikihema. "Shikamoo babu. Unamjua Chemirocha?"

Babu alicheka mpaka akakohoa. "Nani amekuambia hayo?" Kisha akanyoosha mkono ukutani.

Lakini wapi! Vidole vyake vimekakamaa siku hizi. Alipiga kidogo tu, akaacha, akanipa. Miezi ile niliyoipoteza hairudi.

Sasa kila jioni, kabla ya hesabu, babu huimba nami hupapasa nyuzi. Ninaujua wimbo mmoja, tena si vizuri. Mama husema hata mbuzi wanakimbia. Babu hasemi hivyo. Husema, "Rudia."

Nawe mwenzangu, kwenu kumetundikwa nini ukutani? Kishushe leo, mwenyewe angali na nguvu za kukufunza.