Umri wa Mwili, Kitangari na Detroit

Kutoka Newala hadi Kitangari, kusini mwa Tanzania, ni mikorosho mitupu, na Oktoba ni msimu wa kuokota. Waokotaji wengi niliowaona ni wazee. Bibi mmoja aliinama chini ya mti, akawa anatoa korosho kwenye bibo na kuitia ndooni, asinyooshe mgongo mpaka alipomaliza kivuli kizima.

Kwenye dirisha la wazee la kituo cha afya, muuguzi alimwuliza bibi mwingine mwaka aliozaliwa. "Uhuru unakuja nilikuwa nimeshatoka unyagoni, mjukuu wangu, ila sijaolewa." Muuguzi akapiga hesabu, akaandika 1947. Kwa matibabu ya bure, yanayoanzia miaka 60, hesabu hiyo inatosha. Kwa watafiti wa uzee haitoshi. Kikokotoo cha Morgan Levine na wenzake, kilichotoka Marekani mwaka 2018, huchukua vipimo 9 vya damu na kuongeza umri wa kalenda, ndipo kiseme mwili umezeeka kiasi gani. Huku umri wa kalenda wenyewe ni wa kukisia.

Detroit, Marekani, vyeti vya kuzaliwa vipo. Arline Geronimus wa Chuo Kikuu cha Michigan alidai tangu 1992 kwamba wanawake Weusi wa Marekani huchakaa mapema kwa sababu ya maisha wanayobebeshwa. Mwaka 2015 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya telomere za wakazi wa Detroit, yaani zile ncha za kromosomu zinazofupika kadiri seli zinavyogawanyika. Wazungu maskini walikuwa na telomere fupi kuliko Wazungu wenye nafuu. Kwa Weusi, maskini na wenye nafuu walilingana. Kwa Wamexico ilikuwa kinyume kabisa: maskini ndio waliokuwa na ndefu. Kama rangi peke yake ingekuwa inazeesha, matokeo yasingepishana hivyo.

Kilimanjaro inalithibitisha hilo kwa njia nyingine, maana huko waliopimwa wote ni Weusi. Godfrey Temba na wenzake walionyesha mwaka 2021 kwamba damu ya watu wazima wenye afya wanaoishi mjini Moshi ina dalili nyingi za uvimbe wa ndani kuliko ya wenzao wa vijijini. Mwaka 2025 wakatoa jaribio la wanaume 77: wa kijijini waliokula vyakula vya kizungu kwa wiki 2 walipandisha dalili hizo, na wa mjini waliorudi kwenye vyakula vya asili wakazishusha.

Ninachokihofia ni vipimo vyenyewe kuletwa Kitangari kama vilivyo. Chembe nyeupe nyingi, kwa kikokotoo cha Levine, ni dalili ya uzee. Lakini Waafrika wengi huzaliwa na aina ya jeni la Duffy inayowakinga na malaria ya vivax na kuwapa chembe nyeupe chache wakiwa wazima. Bibi wa hapa anaweza kutoka kijana kwenye karatasi huku magoti yamekwisha. Kreatinini, inayopima figo, nayo imo katika vile 9. Hadi 2021 hospitali nyingi za Marekani zilikuwa zikiongeza makadirio ya figo za mtu Mweusi kwa karibu asilimia 16. Utafiti wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini, uliotoka 2022, ulikuta makadirio ya kreatinini yanazisifia figo kupita uwezo wake.

Uwanda wa Makonde hauna mito juu. Mvua huzama mchangani, na wanawake walikuwa wakishuka mabondeni na kupanda genge na maji kichwani. Maji ya mashine yanayosukumwa kutoka bonde la Kitangari yalivifikia vijiji kwa zamu, vingine vikingoja miaka mingi. Mtafiti akija hapa, ningemwomba aanzie hapo: awapime dada wa tumbo moja, mkubwa aliyebeba mtungi tangu utotoni na mdogo aliyekulia karibu na bomba, nguvu za mikono, mwendo wa mita 4, kuinuka kitini, presha. Umri wao hauhitaji cheti, kwani kila mmoja anajua nani alimbeba nani mgongoni.