Sinema za Dar: Ninakopenda na Nisikorudi Tena

Wadau, kwa hapa Dar ukitaka kunitoa muvi, nipeleke Mlimani City. Nashuka Mwenge, natembea kidogo barabara ya Sam Nujoma, nanunua bisi, nakaa siti za nyuma kabisa. Black Panther ya 2018 niliiona pale. Ukumbi mzima tulishangilia kama Simba na Yanga.

Nisikorudi sitaji jina. Nilijibana miezi miwili nimpeleke mama, hajawahi kuingia sinema. Kiyoyozi kilikuwa kibovu, jamaa wa mbele anaongea na simu, ila hayo madogo. Mama aliuliza dirishani kama kuna ya Kiswahili. Dada wa tiketi akamwangalia mwenzake, wakacheka.

Ndani mama ananivuta mkono, "Amesemaje, mwanangu?" Namtafsiria kwa kunong'ona, watu wanageuka kutukazia macho. Akanyamaza mpaka mwisho. Tulipotoka akasema, "Nzuri, mwanangu." Nilijua hajaambulia kitu.

Mama huyuhuyu, zamani tukikaa Manzese, alikuwa akinifuata kibanda umiza anichape, anakuta mkanda uliotafsiriwa na Lufufu, anasahau fimbo. Anasimama pale mlangoni anacheka mpaka kanga inamdondoka. Joto, mabenchi ya mbao, lakini anaelewa kila neno.

Kwa hiyo sinema yangu ni Mlimani City. Ya mama ni lile banda. Nitampeleka tena, ila siku ya muvi ya Kibongo.

Nyie wazazi wenu mnawapeleka wapi?