Mbayuwayu wanaliaga ziwa Edouard

Niko Kyavinyonge, ukingo wa kaskazini wa ziwa Edouard.

Tuko mwezi wa nne, mvua inanyesha, na ndege wengi wanaondoka. Wiki hizi nimewaona mbayuwayu wakijipanga asubuhi juu ya nyavu zilizoanikwa, mamia kwa mamia. Siku ya pili unakuta wamebaki wachache. Wale ndege wadogo wanaotembea kando ya maji wakitikisa mkia, nao wamepungua. Hakuna aliyewafukuza. Huko Ulaya baridi imekwisha, wadudu wametoka, na ndege wanaenda kutaga mayai. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi tu, lakini anavuka jangwa la Sahara. Kuanzia mwezi wa tisa watarudi.

Wengine wanabaki nasi: mwari, mnandi, furukombe, na marabu wanaogombania matumbo ya samaki pale mitumbwi inapofika.

Mtoto mmoja wa familia iliyokimbia vita aliniuliza: nani anawaambia ndege kama njia ni salama? Nilimjibu kwamba hakuna. Wanafuata jua na nyota, na wanashuka pale wanapokuta chakula.

Chakula hicho ndicho kinanipa wasiwasi. Mbuga la Virunga limeandikwa tangu 1996 kati ya maeneo ya majimaji yenye maana kwa dunia nzima. Ndani ya matete, kwenye maji mafupi, ndipo ndege wanajificha na samaki wanazaa. Ndiyo maana kuvua humo kumekatazwa. Lakini leo watu wameongezeka, njaa ni kali, na wengine wanaingia humo na chandarua, ambacho kinazoa hata samaki wa ukubwa wa kidole.

Mimi siwezi kumtukana mama mwenye watoto na sufuria tupu. Lakini tukumbuke viboko. Miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Miaka ya 2000 walibaki chini ya 1,000, wengi wakiwa wameuawa kwa ajili ya nyama na meno. Mavi yao ndiyo yalikuwa yanarutubisha maji. Viboko walipokwisha, wavuvi nao walilia.

Kwa hiyo ninawaomba wazee wenye mitumbwi: wapeni waliohama kazi ya kuvuta nyavu, kupasua na kukausha samaki, na muwalipe siku hiyohiyo. Mtu aliyepata fungu lake jioni hataingia ndani ya matete usiku. Nanyi ndugu zetu mnaohifadhiwa hapa, mkiona chandarua ndani ya matete, semeni na wazee wa wavuvi kwanza, taratibu, bila kuaibishana. Samaki wadogo wa leo ndio watakaowalisha watoto wetu wote mwakani, wenyeji na wageni.

Mungu awalinde.