Kodi na Mzani wa Haki

Julai 2021, serikali yetu ya Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu, nilimtumia mama fedha za dawa kijijini. Nilikatwa nilipotuma, naye akakatwa alipotoa. Mshahara wangu ulikuwa umekwisha kukatwa kodi kabla haujanifikia.

Sipingi kodi. Nilisomeshwa kwa fedha za umma, na zahanati anayotibiwa mama haikuota kama uyoga. Walioitetea tozo ile walisema itajenga vituo vya afya na madarasa, na hoja hiyo ina uzito. Lakini haki huuliza pia nani abebe mzigo, na kwa kigezo kipi. Kodi ya mshahara hupanda kadiri kipato kinavyopanda. Tozo ilipima kiasi kilichotumwa tu, kiwe faida ya tajiri au dawa ya mgonjwa.

Wananchi walilalamika, na Septemba mwaka uleule ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mzigo ulipungua, kigezo hakikubadilika. Enyi watumishi wa umma mnaopanga kodi za kesho, ulizeni kwanza mlipaji amepata kiasi gani, si fedha zimepita mikononi mwake mara ngapi.