Nyoka wa Maziwa

Hapa Pennsylvania, nchini Marekani, yupo nyoka aitwaye nyoka wa maziwa. Wakulima wa zamani walimkuta mara kwa mara katika mabanda ya ng'ombe, wakasema huingia usiku kunyonya. Ni uzushi mtupu. Kinywa cha nyoka hakijaumbwa kunyonya, wala hakuna ng'ombe atakayevumilia meno yale. Kilichompeleka bandani ni panya. Mkulima alikuwa akimwua mlinzi wa ghala lake kwa wizi usiofanyika.

Kwetu tulikolelewa, nyoka ni nyoka: hupigwa kwanza, akatazamwa baadaye. Ndiyo maana napenda kazi hii ya kumtafuta. Inanilazimisha kutanguliza macho.

Majira ya kuchipua, ardhi ikianza kupata joto, hukaa chini ya mawe, magogo na mabati yaliyotupwa. Liinue jiwe ukilivuta upande wako, ili likukinge na kilichomo. Usitie vidole usipopaona. Ukishatazama, lirudishe taratibu kama lilivyokuwa, maana hiyo ni nyumba ya mtu.

Mwili wake ni wa kijivu au kahawia hafifu, wenye mabaka makubwa ya kahawia nyekundu yaliyozungushiwa weusi. Kisogoni ana alama nyeupe-nyeupe mfano wa herufi V au Y. Magamba yake ni laini na yanang'aa. Tumbo lina miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti. Wengi hufikia sentimita 60 hadi 90.

Anayefananishwa naye ni kichwa-shaba, mwenye sumu. Huyu kichwa chake ni cha rangi ya shaba, hakina michoro, na mabaka yake ni membamba mgongoni, mapana ubavuni.

Siku moja jirani yangu, mzee mkulima, aliniita. Alikuwa ameinua sepetu. Wajukuu wake walikuwa wakicheza karibu. Nyoka alitikisa mkia katika majani makavu, ukalia kama wa nyoka wa njuga. Nilimwomba mzee awaondoe watoto kwanza. Kisha tukatazama, tukiwa mbali hatua kadhaa. Mabaka yalikuwa mapana mgongoni. Kisogoni, V ilionekana wazi. Mzee alinyamaza kitambo, akashusha sepetu. Nyoka akapenya katika ukuta wa mawe.

Angekuwa kichwa-shaba, tungemwachia njia vilevile. Lakini mzee asingelala usingizi ule ule, wala nisingemlaumu. Kumjua nyoka hakuondoi hofu yote. Huiweka hofu mahali pake.

Hata wataalamu bado wanatazama. Mwaka 2014, uchunguzi wa vinasaba ulipendekeza kuwa waliohesabiwa spishi moja ya nyoka wa maziwa ni spishi saba. Basi ikiwa wao hawajachoka kutazama, sisi wenye sepetu mkononi tuna haraka gani?