Nani Hupanga Bei ya McGill?

Chuo Kikuu cha McGill, kilichoko Montreal chini ya Mlima Royal, kilianzishwa mwaka 1821 kwa wasia wa mfanyabiashara James McGill, ambaye alikuwa pia mmiliki wa watumwa. Wanaharakati wa Mlimani wa kizazi kilichotutangulia walilijua jina hilo kwa sababu ya Walter Rodney: Oktoba 1968 alihudhuria hapo Kongamano la Waandishi Weusi, akazuiwa kuingia tena Jamaika, na mwaka uliofuata akarejea kufundisha Dar es Salaam. Wanafunzi wangu wanalijua kutokana na orodha za vyuo bora duniani. Huniomba niwaandikie barua za mapendekezo, kisha huuliza swali lile lile: "Daktari, alama zangu zinatosha?"

Mara nyingi zinatosha. Masomo ya uzamili pale hudai wastani wa 3.0 kati ya 4.0, na katika idara nyingi mwombaji hana budi kumpata kwanza profesa aliye tayari kumsimamia. Hayo ni mageti ya kitaaluma, na vijana wetu huyapita. Geti linalowarudisha nyumbani ni ada, nalo halilindwi na maprofesa.

Nililiona hilo kwa macho mwaka 2012, nilipokaa Montreal miezi michache nikikusanya nyaraka za tasnifu yangu. Serikali ya Quebec ilikuwa imeamua kupandisha ada ya wakazi wake kutoka dola 2,168 kwa mwaka hadi dola 3,793, kwa awamu za miaka mitano. Wanafunzi waligoma kwa miezi kadhaa, wakiwa wamebandika vifuani vipande vya mraba vya kitambaa chekundu. Mwezi Mei, bunge lilipopitisha sheria ya kubana maandamano, hata wazee na watoto walitoka nje saa 2 usiku wakigonga sufuria. Septemba serikali ile ikashindwa katika uchaguzi, na nyongeza ikafutwa. (McGill yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa baridi: wengi wa wanafunzi wake waliendelea kwenda darasani.)

Nilisimama kando ya barabara nikiwashangilia, huku nikipiga hesabu. Mwanafunzi mgeni alikuwa akilipa mara kadhaa ya kiwango kilichokuwa kikigombewa, na sikusikia sufuria hata moja ikigongwa kwa ajili yake. Siwalaumu, mgeni hapigi kura.

Hata hivyo, wageni hawakuwa sawa. Mwaka ule ule, Mfaransa alilipa ada sawa na mkazi wa Quebec, kwa mkataba kati ya serikali hizo mbili. Mkataba huo ulipojadiliwa upya mwaka 2015, Wafaransa wa shahada ya kwanza walipandishwa hadi kiwango cha Wakanada wanaotoka majimbo mengine, ambacho bado ni kidogo mno kuliko kile anachotozwa Mtanzania. Zipo pia nchi za Afrika, hasa zinazotumia Kifaransa, ambazo raia wao hutengewa nafasi chache za msamaha kwa makubaliano ya namna hiyo. Bei ambayo sisi huipokea kama tunavyopokea kiangazi, wenzetu huikalia mezani wakaijadili na kuitia saini.

Wakanada wenyewe nao hawana kinga. Mwaka 2023 Quebec ilitangaza kuwapandishia ada wanafunzi wa majimbo mengine wanaokuja kusoma katika vyuo vyake vya Kiingereza. McGill na Concordia zikaenda mahakamani, na Aprili 2025 mahakama ikaona kwamba nyongeza hiyo haikuwa na sababu za kutosha. Chuo chenye hadhi ya McGill kililazimika kuishtaki serikali kwa sababu ya ada za wanafunzi wake!

Nchini Kanada elimu iko chini ya majimbo. Balozi wetu anaweza kunywa chai Ottawa kila wiki bila ada ya mwanafunzi mmoja kupungua huko Montreal. Wenye kalamu wanakaa katika jiji la Quebec. Wasomaji wangu mlioko wizarani, naomba mnijibu: faili la mazungumzo ya namna hiyo, kama lipo, liko mezani kwa nani? Nina mwanafunzi mwenye barua ya kukubaliwa mkononi, na siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi yake ni mwezi ujao.