Chumba cha Wageni Hisarya

Mji wa Hisarya uko Bulgaria, kilomita 40 hivi kutoka Plovdiv. Una chemchemi nyingi za maji ya madini, na tangu enzi za Warumi watu huenda huko kuoga na kunywa maji yake, hasa wenye shida ya figo. Nilimsindikiza huko padri mzee, mlezi wangu wa zamani seminarini. Nauli na malazi yake vilikuwa mchango wa waamini, wengi wao wakulima, kwa hiyo kila bei niliyotajiwa niliipima kwa magunia ya mahindi.

Hoteli hazikosekani Hisarya. Zipo kubwa zenye mabwawa ya maji ya moto, na zipo nyumba za watu wanaopangisha vyumba. Hoteli ya kwanza ilikuwa nzuri, lakini bei yake haikuhusisha chakula wala matibabu. Padri akaniuliza taratibu, "Mwanangu, waliotuchangia nitawaambia nini?"

Baada ya hapo nikawa nauliza kwanza: Kuna ngazi ngapi? Chakula kimo? Chemchemi iko mbali kiasi gani? Swali hilo la mwisho ndilo lililotuokolea fedha, maana maji ya kunywa kwenye chemchemi za hadharani hayalipiwi. Watu huja na chupa zao.

Jioni tukafika kwa mama mmoja mjane. Tulipomwomba chumba cha chini chenye vitanda viwili, akatikisa kichwa. Padri akainua begi aondoke. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa kwamba Wabulgaria wakitikisa kichwa hivyo wanakubali. "Tua begi, Baba," nikamwambia, "tumepata."

Mama huyo ni Mwothodoksi. Asubuhi tulipoadhimisha Misa kwenye meza yake ya chakula, alisimama mlangoni akafanya ishara ya msalaba kwa desturi yao, akianza na bega la kulia.

Warumi waliuita mji huo Diocletianopolis, kwa jina la Kaisari Diocletian, aliyeanzisha dhuluma kali dhidi ya Wakristo mwaka 303. Kuta za kale zingali zimesimama, na mjini kuna magofu ya makanisa ya karne zilizofuata. Padri alipenda kuketi hapo na chupa yake ya maji. "Tazama," alisema siku moja, "aliyetaka tusiwe na pa kukaa, mjini kwake tulijenga."

Figo zake hazikupona, ila alipata nafuu. Siku ya kuaga, mama yule alituambia kupitia mjukuu wake anayejua Kiitaliano kwamba tangu mumewe afariki, sala haikuwa imesikika kwa sauti nyumbani mle. Sasa ataanza tena.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndugu zangu, wageni wakibisha hodi parokiani usiku, tusikawie kuwafungulia. Huenda mwenye kuhitaji dawa ni sisi.